Mabinti Wanne wa Nyumba ya Hesse

Kila mzazi ajua ya kuwa siku ya posa si siku ya watu wawili tu. Wazee huketi, koo mbili hutazamana, na mwenye busara hujiuliza moyoni: Je, undugu huu utatuletea amani, au utatuletea mashaka? Jambo hili si la kwetu peke yetu. Wafalme wa Ulaya nao walilifanya kwa mamia ya miaka, tena kwa nguvu kuliko sisi, maana walipowaoza watoto wao hawakuhesabu ng'ombe wala mashamba, walihesabu majeshi na mipaka ya nchi. Leo twasimulia habari za mabinti wanne wa nyumba moja ya kifalme ya Ujerumani, nchi ambayo wazee wetu waliiita Udachi, ili tupate kuona ndoa yaweza kubeba mzigo gani, na mzigo gani haiwezi.

Nyumba yao

Zamani Udachi haikuwa dola moja. Ilikuwa na wafalme na watawala wengi, wakubwa kwa wadogo, kila mmoja na mji wake na askari wake. Mmoja wao alikuwa mtawala wa Hesse, na mji wake mkuu uliitwa Darmstadt. Nchi ile haikuwa kubwa wala tajiri sana, lakini ukoo wake ulikuwa wa kale na wenye heshima. Na desturi ya wafalme iliwataka watoto wao waoe na kuolewa katika damu ya kifalme tu. Kwa hiyo wakuu wa dunia walibisha hodi katika nyumba ndogo za Udachi, maana zilikuwa nyingi, zilikuwa na mabinti wengi, wala hazikumtisha mtu kwa nguvu zake.

Tarehe 1 Julai 1862 Ludwig, aliyekuwa mrithi wa Hesse, alimwoa Alice, binti wa Malkia Victoria wa Uingereza. Arusi ile haikuwa na shangwe, kwa sababu baba yake bibi arusi alikuwa amekufa tarehe 14 Desemba 1861, na Malkia alikuwa bado katika huzuni nyingi. Alice akaenda Darmstadt, akazaa watoto saba. Mabinti walikuwa Victoria (1863), Elisabeth (1864), Irene (1866), Alix (1872) na Marie (1874). Wana walikuwa Ernst Ludwig (1868) na Friedrich (1870).

Jina la Irene lina maana yake. Kwa Kiyunani ni Amani. Binti huyu alizaliwa mwezi wa Julai 1866, wakati wa vita kati ya Prussia na Austria, na watu wa Hesse walikuwa upande wa Austria. Basi angalieni: Alice alikuwa mke wa mtu wa upande mmoja, na dada yake mkubwa alikuwa mke wa mrithi wa Prussia, upande wa pili. Mama yao mmoja, baba yao mmoja, na waume zao wakiongoza askari wa kupigana. Lililompata mama lilikuwa kivuli cha yale yatakayowapata binti zake.

Alice hakuwalea watoto wake kwa anasa. Aliwafundisha kushona, kutandika vitanda vyao na kusafisha vyumba vyao wenyewe, akawachukua kwenda kuwaangalia wagonjwa hospitalini. Yeye mwenyewe aliunda chama cha wanawake cha kuwafundisha wauguzi katika Hesse. Lakini mwezi wa Novemba 1878 ugonjwa wa dondakoo uliingia katika jumba. Watoto wakaugua, ila Elisabeth aliyekuwa amepelekwa kwa bibi yake mzaa baba. Alice akawauguza kwa mikono yake. Marie, mtoto wa miaka minne, akafa tarehe 16 Novemba. Kisha ugonjwa ukamshika mama, naye akafa tarehe 14 Desemba 1878, siku ile ile aliyokufa baba yake miaka kumi na saba nyuma. Alikuwa na umri wa miaka 35. Wakabaki mabinti wanne na ndugu yao Ernst Ludwig, na bibi yao, Malkia Victoria, akawatazama tangu hapo kama watoto wake mwenyewe.

Posa nne

Wa kwanza kuolewa ni Victoria, mwezi wa Aprili 1884. Mumewe alikuwa Ludwig wa Battenberg, ambaye Waingereza walimwita Louis. Wakuu wengine walimdharau kijana huyu, kwa kuwa mama yake hakuwa wa damu ya kifalme. Lakini alikuwa hodari wa kazi. Tangu ujana wake alikuwa baharia katika manowari za Uingereza, akajifanya raia wa nchi ile. Victoria alimpenda, naye akamfuata.

Wa pili ni Elisabeth, aliyesifiwa kwa uzuri katika Ulaya nzima. Wilhelm, yule aliyekuwa baadaye Kaisari wa Udachi, alimpenda alipokuwa mwanafunzi, lakini Elisabeth hakumtaka. Mwezi wa Juni 1884 akaolewa na Sergei, mwana wa Kaisari wa Urusi. Njia ya kwenda Urusi ilikuwa imekwisha kukanyagwa na watu wa kwao, maana mama yake Sergei mwenyewe alikuwa binti wa Darmstadt aliyeolewa huko mwaka wa 1841. Malkia Victoria hakuipenda posa ile. Aliiogopa Urusi, akisema viti vya enzi vya huko si salama. Lakini hakumzuia mjukuu wake.

Wa tatu ni Irene. Mwezi wa Mei 1888 aliolewa na Heinrich wa Prussia, ndugu yake Wilhelm. Mama zao walikuwa dada wa tumbo moja. Katika makabila yetu mengi wawili hawa wangaliitwa kaka na dada, wala posa isingalisikilizwa. Katika nyumba za wafalme halikuwa jambo la ajabu, kwa sababu waliokuwa wakitafutana walikuwa wachache, na kila mara walirudi katika koo zile zile.

Wa nne ni Alix, mdogo wao. Bibi yake alitaka aolewe na Albert Victor, mjukuu wake mwingine, ambaye angaliweza kuwa mfalme wa Uingereza. Alix akakataa. Malkia alisikitika, lakini hakumlazimisha, bali alimsifu kwa ujasiri wake wa kukataa cheo kikubwa namna ile. Moyo wa Alix ulikuwa kwa Nikolai, mrithi wa Urusi, aliyekutana naye katika arusi ya dada yake mwaka wa 1884. Hata hivyo palikuwa na kizuizi kimoja, na kizuizi hicho hakikuwa mali wala cheo. Kilikuwa imani.

Neno la imani

Mabinti wa Hesse walilelewa katika Kanisa la Kilutheri. Na sheria ya Urusi ilisema kwamba mke wa mrithi wa kiti lazima awe wa Kanisa la Kiorthodoksi. Alix alikuwa ameweka ahadi ya kipaimara mwaka wa 1888, na kwake ahadi ile haikuwa nguo ya kuvaa na kuvua. Akamwandikia Nikolai kwamba hawezi. Miaka ikapita.

Tazameni tofauti kati ya dada wawili hawa. Elisabeth aliolewa na Sergei bila kubadili kanisa, kwa sababu mumewe hakuwa mrithi wa kiti, na sheria haikumtaka abadili. Akakaa Urusi miaka saba akiyaangalia mambo ya kanisa lile, akisoma, akisali. Kisha mwaka wa 1891 akaingia kwa hiari yake, baada ya kumwandikia baba yake na kumweleza sababu zake. Baba yake alihuzunika sana, lakini hakuna mtu aliyeweza kusema kwamba binti huyu amefuata cheo, maana cheo alikuwa nacho tayari.

Mambo ya Alix yalikwenda kwa namna nyingine. Mwezi wa Aprili 1894 jamaa wote wa kifalme walikusanyika mji wa Coburg, kwa arusi ya Ernst Ludwig. Nikolai akaja kuposa tena. Alix akalia, akakataa. Ndugu na jamaa wakamzunguka, hata Wilhelm, aliyekwisha kuwa Kaisari wa Udachi, akamsihi akubali. Elisabeth naye akamweleza njia aliyoipita yeye. Mwisho Alix akakubali. Yeye na Nikolai walipendana kweli kweli, na mapenzi yao hayakupungua hata siku ya mwisho. Lakini muda aliopewa wa kujitengeneza ulikuwa mfupi. Tarehe 1 Novemba 1894 Kaisari wa Urusi, baba yake Nikolai, akafa kabla watu hawajamtazamia kufa. Kesho yake Alix akapokewa katika kanisa jipya, akapewa jina la Alexandra Feodorovna. Tarehe 26 mwezi ule ule wakafunga ndoa, matanga yakiwa hayajaisha. Warusi wengine wakanong'ona kwamba bibi arusi huyu amekuja nyuma ya jeneza.

Damu isiyoganda

Wafalme walipooana walisema wanatunza damu. Hawakujua kwamba damu hiyo ilikuwa na siri yake.

Kuna ugonjwa uitwao hemofilia. Mwenye ugonjwa huu akijikata au akiumia ndani, damu yake haigandi upesi kama ya watu wengine, naye aweza kufa kwa jeraha dogo. Mara nyingi mama huubeba bila kuugua mwenyewe, naye aweza kuupitisha kwa watoto wake, na wanaougua sana ni wana wa kiume. Malkia Victoria aliubeba. Mwanawe Leopold alikufa kwa ajili yake mwaka wa 1884. Alice aliubeba pia. Mtoto wake Friedrich, aliyekuwa na umri wa miaka miwili, alianguka dirishani mwezi wa Mei 1873, na ingawa mifupa haikuvunjika, damu ilivuja ndani ya kichwa, akafa siku ile ile.

Irene na Alix wakaupeleka ugonjwa huu katika nyumba mbili za makaisari. Irene alizaa wana watatu, wawili wao wagonjwa. Heinrich mdogo alikufa mwaka wa 1904, umri wake miaka minne. Mwaka ule ule, mwezi wa Agosti, Alix baada ya kuzaa mabinti wanne, Olga, Tatiana, Maria na Anastasia, alipata mwana aliyengojewa na Urusi nzima, jina lake Alexei. Baada ya wiki chache kitovu cha mtoto kikatoka damu, na mama akatambua ni nini.

Nani atamlaumu mama kwa yale aliyoyafanya kwa hofu? Ugonjwa ule ulifichwa, watu wa Urusi wasiujue. Waganga hawakuwa na dawa. Ndipo akaingia Rasputin, mkulima kutoka Siberia aliyejulikana kuwa mtu wa sala, na Alix akaamini kwamba maombi yake humponya mtoto. Kwa kuwa watu hawakujua sababu ya mtu huyu kuingia jumbani, walidhani mabaya, na heshima ya Kaisari ikaanza kuoza. Siri iliyofichwa kwa ajili ya kulinda nyumba ndiyo iliyosaidia kuibomoa.

Mwaka wa 1914

Sasa tuje kwenye jambo ambalo kwa ajili yake ndoa hizi zilisifiwa. Watu walisema: Wafalme wakiwa ndugu, hawatapigana. Mwaka wa 1914 George wa Tano mfalme wa Uingereza, Wilhelm Kaisari wa Udachi, na Alix mke wa Kaisari wa Urusi walikuwa wote wajukuu wa Malkia Victoria. Mwezi wa Julai mwaka ule Victoria wa Battenberg alikuwa katika Urusi, amekwenda kuwatazama dada zake. Mwezi wa Agosti vita vikawaka, akarudi Uingereza haraka kwa njia ya kaskazini. Hakuwaona tena Elisabeth na Alix wakiwa hai.

Hesabuni nyumba hii moja. Mume wa Victoria alikuwa mkuu wa mabaharia wote wa manowari za Uingereza. Mume wa Irene aliongoza manowari za Wadachi katika bahari ya Baltiki, kuwazuia Warusi. Mume wa Alix alikuwa Kaisari wa Warusi wenyewe. Na kaka yao Ernst Ludwig alikuwa mtawala wa Hesse, upande wa Wadachi. Watoto wa mama mmoja, waliolala chumba kimoja, wakatengwa na mizinga.

Undugu haukuzuia vita, bali uliwaletea fedheha wenyewe. Louis wa Battenberg, aliyeitumikia Uingereza zaidi ya miaka arobaini, alishukiwa kwa ajili ya kuzaliwa kwake, akaacha kazi mwezi wa Oktoba 1914. Mwaka wa 1917 akabadili hata jina la ukoo wake, likawa Mountbatten. Huko Urusi watu walimwita Alix "yule Mdachi", wakidhani anawapasha habari adui. Wakati huo yeye na binti zake wawili wakubwa walikuwa wamejifunza uuguzi, wakifunga vidonda vya askari wa Urusi kwa mikono yao. Hayo hayakumsaidia.

Wahenga walisema, wapiganapo tembo nyasi huumia. Vita vile vya ndugu vilifika hata kwetu. Tanga palipigwa mwezi wa Novemba 1914, na watu wa nchi zetu wakachukuliwa kwa maelfu mengi kubeba mizigo ya majeshi ya pande zote mbili, wengi wakafa njiani kwa njaa na maradhi. Hawa hawakuhudhuria arusi yo yote ya Darmstadt, lakini walilipa.

Mwisho wao

Mwezi wa Machi 1917 Nikolai aliondoka katika kiti chake. Usiku wa kuamkia tarehe 17 Julai 1918, katika mji wa Yekaterinburg, yeye na Alix na watoto wao watano, pamoja na watumishi wanne, waliuawa kwa risasi katika chumba cha chini cha nyumba walimofungwa.

Kesho yake wakamwua Elisabeth. Huyu alikuwa mjane tangu mwezi wa Februari 1905, mumewe alipouawa kwa bomu mjini Moscow. Siku chache baadaye alikwenda gerezani kumwona mwuaji, akamwambia habari za toba. Kisha akauza vito vyake vya thamani, na mwaka wa 1909 akafungua nyumba ya masista huko Moscow kwa jina la Martha na Maria, yenye hospitali, nyumba ya yatima na dawa kwa maskini. Tarehe 18 Julai 1918, karibu na mji wa Alapayevsk, alitupwa katika shimo la machimbo pamoja na Sista Varvara na jamaa wengine wa Kaisari. Mwili wake ukachukuliwa kwa safari ndefu kupita Uchina, mpaka Yerusalemu. Dada yake Victoria akaja kuupokea, na mwezi wa Januari 1921 ukazikwa katika kanisa la Maria Magdalena juu ya Mlima wa Mizeituni. Mwaka wa 1992 Kanisa la Urusi lilimtaja kuwa mtakatifu.

Irene aliishi mpaka mwaka wa 1953. Mwanawe Waldemar, mgonjwa wa damu, alikufa mwezi wa Mei 1945, kwa kuwa katika machafuko ya mwisho wa vita vya pili haikupatikana damu ya kumwongezea. Victoria alikufa London mwaka wa 1950. Mjukuu wake Philip alikuwa amemwoa Elizabeth, mrithi wa Uingereza, mwaka wa 1947. Hawa wawili walikuwa katika Kenya mwezi wa Februari 1952 ilipofika habari ya kufa kwa Mfalme, na Elizabeth akawa Malkia. Philip huyo ndiye aliyekuja Dar es Salaam mwezi wa Desemba 1961 kwa uhuru wa Tanganyika, na Nairobi mwezi wa Desemba 1963 kwa uhuru wa Kenya.

Na yako jambo moja la mwisho. Mwaka wa 1991 mifupa ya watu tisa ilifukuliwa karibu na Yekaterinburg. Wataalamu wakataka kujua ni ya nani. Philip akatoa damu yake kidogo, nao wakalinganisha vinasaba, yaani alama za urithi ambazo mtoto huzipata kwa mama yake, naye kwa mama yake, mpaka kwa Alice. Zikalingana na za Alix na za binti zake. Damu ambayo haikuweza kuzuia vita iliweza tu kuyatambua makaburi.

Neno kwa nyumba zetu

Tukitazama habari hizi, hatusemi kwamba ndoa zao zote zilikuwa mbaya. Victoria na Louis walipendana. Alix na Nikolai walipendana mpaka kaburini. Wala hawakuozwa kwa nguvu, na hili ni la kumsifia bibi yao, mwenye enzi kubwa, aliyesikia neno "sitaki" kutoka kwa msichana, akalikubali. Wazazi wangapi wasio na enzi hata kidogo hawawezi kufanya hivyo?

Lakini wakuu walikosea pale walipodhani binti yao ni daraja, watu wapite juu yake kutoka ukoo mpaka ukoo. Ndoa yaweza kubeba mapendo ya wawili, malezi ya watoto, na huduma kwa jirani. Haiwezi kubeba deni la ukoo, wala ugomvi wa wazee, wala amani ambayo wenye kuitaka hawataki kuifanyia kazi wenyewe. Tena, mwalimu anayewatayarisha wachumba wa makanisa mawili akumbuke miaka saba ya Elisabeth na siku moja ya Alix. Mtu apewe nafasi ya kufikiri, asisukumwe na tarehe ya karamu. Na ugonjwa ulio katika ukoo usifichwe, maana lililofichwa mbele ya wachumba litatokea mbele ya watoto.

Mama yao hakuwaachia binti hawa utajiri mwingi. Aliwaachia sindano, kitanda cha kutandika, na njia ya kwenda hospitalini. Mataji yalipoanguka, Alix alikutwa na kitambaa cha kufungia vidonda mkononi, na Elisabeth alikutwa kati ya maskini wa Moscow. Hiyo ndiyo mahari iliyobaki.